Paukwa useme wewe, pakawa aitikie dadu: kucheza gemu la hadithi bila gemu masta

#1 Kaunta Buku

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Tulikuwa wanne. Kila Jumamosi baada ya Isha tulikutana kwenye baraza moja Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya 12, kucheza gemu la hadithi. Kwa asiyelijua: kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wenu anakaa kiti cha gemu masta. Wewe unasema "nafungua mlango", yeye ndiye anayejua nyuma ya mlango kuna nini. Lile maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, lilitoka Marekani mwaka 1974, na mengi yaliyofuata ni wajukuu zake.

Basi mmoja wetu akaoa. Hatumlaumu. Wa pili akahamishiwa Dodoma. Gemu masta naye akapata kazi Mtwara, akaondoka na basi la alfajiri, dadu zote mfukoni mwake. Nikabaki na mkeka.

Kwa miezi miwili nilijaribu kucheza peke yangu kienyeji, mwenyewe naficha, mwenyewe natafuta. Ni kujitekenya na kucheka mwenyewe. Hazina unajua iko wapi kwa sababu umeizika wewe jana yake.

Ndipo nikakutana na kitu ambacho mie nakiita msimulizi bandia. Si mtu, wala si lazima iwe programu ya simu. Ni majedwali machache kwenye karatasi. Ukifika pale ambapo ungemgeukia gemu masta na kumuuliza "je, kuna mtu humo ndani?", unaligeukia jedwali na kutupa dadu. Bibi yangu alikuwa haanzi hadithi mpaka tumwitikie. Akisema "paukwa" tukawa tumesinzia, na yeye analala zake. Hapa paukwa unasema wewe, pakawa anaitikia dadu.

Ninalotumia linaitwa Mythic, la Word Mill Games. Lilitoka 2003 kama gemu kamili, halafu 2006 wakaitenga ile sehemu ya msimulizi ili uitumie na gemu lolote ulilonalo. Mie natumia toleo la pili. Linakwenda hivi:

Unauliza swali la ndiyo au hapana. Unapima mwenyewe uwezekano wake kwa ngazi tisa, kuanzia "hakika" mpaka "haiwezekani", katikati kuna nusu kwa nusu. Halafu unatazama namba ya vurugu, yaani mambo yamechafuka kiasi gani, ambayo ni 1 hadi 9 na gemu huanza nayo ikiwa 5. Ngazi yako ikikutana na namba ya vurugu kwenye jedwali unapata shabaha. Vurugu ikiwa 5, nusu kwa nusu ni 50, "yaelekea" ni 65, "haielekei" ni 35. Unatupa dadu kupata namba kati ya 1 na 100. Ikiwa sawa na shabaha au chini yake, jibu ni ndiyo. Ikizidi, hapana.

Utamu uko pembeni. Moja ya tano ya chini kabisa ya ile ndiyo, mie naiita "ndiyo na nusu": umeomba kata ya maji, umeonyeshwa kisima. Na juu kabisa kuna "hapana na nusu", hiyo umeomba maji ukaambiwa hata ndoo uliyokuja nayo si yako. Kisha ukipata tarakimu pacha, 22 au 44 kwa mfano, na tarakimu hiyo haizidi namba ya vurugu, unapata jibu lako pamoja na tukio ambalo hukuliomba.

Nina mchezo wa Tongoni nimeuanza wiki iliyopita, nitauweka hapa chini. Ngoja kwanza nile.

#2 Zigi Chini

Siti ya mbele. Mihogo na chachandu nimeshanunua.

#3 Ami wa Makorora

Mwanangu, hebu nifahamishe. Unauliza swali, unatupa kitu chini, kitu kinakujibu ndiyo au hapana. Kwetu hapa jambo hilo lina jina, na wanaolifanya wamebandika matangazo mpaka kwenye nguzo za umeme. Hii si ramli?

#4 Kaunta Buku

Ami, shikamoo. Nilijua swali hili litakuja, ila sikujua litakuja kabla sijamaliza kula.

Mpiga ramli anadai kukwambia jambo la kweli: nani kaiba mbuzi wako, nani kakuroga. Mie ninayemuulizia ni mwanamke niliyemtunga mwenyewe, mtumbwi wake nimeutunga, na deni lake nimelitunga. Dadu likisema ndiyo, hakuna mbuzi wa mtu yeyote anayepatikana. Na hakuna senti inayowekwa, kwa hiyo kamari pia haimo.

Lakini sikatai kwamba dadu zina sifa mbaya. Mama alipoziona mezani alinyamaza siku nzima. Nikaona niziache, nikachukua karata: toa zile zenye picha, bakisha ree mpaka kumi, chomoa moja umepata namba ya 1 hadi 10. Ukitaka ya 1 hadi 100 chomoa mbili, moja ya makumi na moja ya mamoja, hapo kumi ihesabu sifuri. Mama akapita tena, akatazama, akasema, "Afadhali ungerudi kwenye dadu."

#5 Dereva wa Horohoro

Hahaha, mama kamaliza.

Mkuu, mie nakupa njia isiyo na dadu wala karata. Kaa dirishani utazame namba za magari. T, tarakimu tatu, herufi tatu. Chukua tarakimu mbili za mwisho kabla ya herufi, hiyo ndiyo mia yako, na 00 ihesabu 100. Tukiwa foleni mpakani tulikuwa tunabahatisha hivyo nani ashuke kununua maji. Hakuna wa kukulaumu kwa kutazama magari.

#6 Zigi Chini

Shida ni usiku. Mie nakaa karibu na mto, gari la mwisho linapita saa nne. Shujaa wangu atasimama mlangoni akisubiri jibu mpaka alfajiri.

#7 Kaunta Buku

Ya magari nimeipenda, nitaijaribu. Sasa mchezo wenyewe.

Mahali ni Mtang'ata, pale tunapopaita Tongoni leo, kama kilomita 17 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani. Waliofika wanayajua yale magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Wakati ni Januari 1499. Hapa historia ya kweli inanibeba: Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, meli yake mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya pwani hii, maji yalipojaa ikanasuka. Aliporudi kutoka India, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma moto São Rafael huku huku.

Mie nikawaza misumari. Mitepe, vyombo vya zamani vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba ya nazi, haikupigwa msumari. Meli ya Wareno ikiungua, mbao zinakuwa majivu, chuma kinabaki mchangani. Kwa fundi wa enzi zile hicho ni chuma cha bure.

Mhusika wangu ni Mwanasha, mjane wa nahodha. Ana mtumbwi mmoja, mtoto mmoja, na deni la marehemu mumewe analolilipa kwa mfanyabiashara wa Kilwa, mwaka wa pili huu.

Onyesho la kwanza: Mwanasha anafika usiku, maji yamekupwa, amekuja na kikapu kuokota misumari. Kila onyesho kabla halijaanza unalipima kwa dadu la pande kumi. Likizidi namba ya vurugu, onyesho linakwenda kama ulivyolipanga. Likiwa sawa au chini yake, namba witiri inaligeuza kidogo, namba shufwa inalivunja kabisa na kukuletea lingine. Nilipata 8, vurugu ni 5, tukaendelea.

Swali: je, ufuo ni mtupu? Usiku ule, nani atakuwepo? Nikaweka "yaelekea", shabaha 65. Nikapata 71. Hapana.

Hapo nilikaa wima. Kichwani nilikuwa nimeshaandika "ufuo ulikuwa mtupu, ukinuka mkaa".

Swali: aliyepo, Mwanasha anamfahamu? Nusu kwa nusu. Nikapata 44. Ndiyo, anamfahamu. Lakini 44 ni pacha, na nne haizidi tano, kwa hiyo kuna tukio. Jedwali la matukio likanipa jambo baya kwa mhusika wangu mwenyewe. Halafu unachomoa maneno mawili ya kukupa maana. Majedwali ya maneno yamekuja kwa Kiingereza, mie nimetengeneza yangu ya Kiswahili, maneno mia ya vitendo na mia ya vitu, kwenye kaunta buku. Nikapata "kuficha" na "deni".

Nilikaa nayo kama dakika tano. Kisha ikanijia. Anayechimbua misumari ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Na mfanyabiashara wa Kilwa hayupo, hajawahi kuwepo. Fedha zote ambazo Mwanasha amekuwa akizipeleka kwa mkono wa shemeji zimeishia kwa shemeji.

Nikafunga daftari nikatoka nje kupunga upepo. Wallahi sikulipanga. Nilikwenda kuokota misumari.

Onyesho likiisha unajiuliza: mhusika wangu aliyadhibiti mambo au yalimshinda? Yalimshinda. Vurugu ikapanda, sasa ni 6. Ni kama pepo za kaskazi, zikishaanza kuvuma kila kitu kinayumba zaidi.

#8 Baharia Mstaafu

Mchezo siujui, ila nimesoma mpaka hapo na la mwisho limenikera. Kaskazi ina miezi yake, Desemba mpaka Machi, haivumi kwa sababu mtu kashindwa na mambo yake. Tena kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, kwetu ni neema.

Hiyo namba yako, kwa nilivyokuelewa, ni maji ndani ya chombo. Ukizembea kufua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, maji yanapanda. Na chombo chenye maji mengi, wimbi dogo tu linakitupa, wimbi ambalo chombo kikavu kisingelisikia. Ukifua, kinatulia. Sema hivyo.

#9 Kaunta Buku

Nahodha, nimekubali na daftari nimesahihisha. Tena ni kweli zaidi ya ulivyosema, maana vurugu ikipanda hata zile ndiyo zinaongezeka: nusu kwa nusu ya 50 inakuwa 65 ukifika 6. Wengi wanadhani vurugu ina maana ya mabaya tu. Hapana, kila unachokishuku kinaelekea kuwa kweli.

#10 Bint Chumbageni

Kaka Kaunta, asante kwa uzi. Mie naandika hadithi fupi, swali langu ni la kichokozi: si uandike hadithi tu? Huyo shemeji ni kazi ya kichwa chako, dadu halikusema neno "shemeji". Umepewa maneno mawili, ukatunga. Sifa unampa nani?

#11 Kaunta Buku

Dada, la haki hilo.

Ni kweli shemeji nimemtunga mie. Lakini ningekuwa naandika hadithi nisingemtunga, kwa sababu nilikuwa nampenda Mwanasha na nilitaka apate misumari yake arudi nyumbani. Mwandishi anakaa juu anatazama chini. Mie nilikuwa pale mchangani na kikapu. Dadu lilinifungia njia niliyoitaka, nikalazimika kupita nyingine.

Na si jambo jipya wala la wapweke wa zama za simu. Gary Gygax, mmoja wa wawili walioitunga D&D, mwaka 1975 tu alichapisha maelekezo ya kujichorea mapango kwa dadu ili mtu acheze peke yake, kwenye toleo la kwanza la jarida lao, The Strategic Review. Mwaka uliofuata wenye gemu lingine, Tunnels & Trolls wakatoa Buffalo Castle, kitabu cha mchezaji mmoja: ukienda kushoto fungua kipande fulani, ukienda kulia kingine. Ila vile vina njia zilizokwishachimbwa. Ukikimaliza mara mbili umekijua. Msimulizi bandia hana njia yoyote mfukoni. Hata yeye hajui.

#12 Bint Chumbageni

"Hata yeye hajui." Hiyo nakuibia.

#13 Mchungwa wa Muheza

Wakuu, mie nilijaribu mwaka jana nikaacha baada ya wiki tatu, nieleze ili msipotee kama mie.

Shujaa wangu alifika mlangoni. Nikauliza: mlango umefungwa? Ndiyo. Una kufuli? Ndiyo. Kufuli la chuma? Hapana. La mbao? Hapana. Sasa kufuli gani? Kuna mlinzi? Ndiyo. Yuko macho? Hapana. Anakoroma? Ana mbwa? Mbwa yuko macho? Maswali kama arobaini, saa nzima na nusu, mlango haujafunguka. Na majibu yakaanza kugombana: swali la kumi chumba kina giza, la ishirini na mbili mlinzi anasoma barua. Nikatupa daftari chini ya kitanda, nikarudi kwenye mpira.

#14 Kaunta Buku

Mchungwa, pole, na karibu kwenye chama. Hapo ndipo karibu wote tunapoangukia.

Nilivyojifunza mie, kwa kupoteza daftari zima la kwanza: kabla hujatupa, jiulize kama majibu yote mawili unaweza kuishi nayo. Kama ukipata hapana utasema "aa, hiyo haiingii akilini, narudia", basi hukuwa unauliza, ulikuwa unaomba ruhusa. Amua mwenyewe uendelee. Mlango wa ghala la mfanyabiashara usiku, bila shaka umefungwa, usimsumbue mtu. Kufuli la nini? La chochote. Swali ni moja tu hapo: je, naingia bila kuonekana? Na hata hilo mara nyingi si la msimulizi, ni la kanuni za gemu lako lenyewe, ustadi wa mhusika wako na dadu lake.

Mie sasa najiwekea kikomo. Maswali matatu kwa onyesho, manne nikiwa nimebanwa sana. Likipita hapo najua nimechoka, nalala.

Na majibu yakigombana, usiyafute. Mlinzi anasoma barua gizani? Basi hasomi. Ameishika tu, anajua tayari imeandikwa nini. Nani kamwandikia? Ona sasa umepata mtu.

#15 Mchungwa wa Muheza

...mkuu, lile daftari bado liko chini ya kitanda.

#16 Fundi Dishi

Mnajitesa. Mie nacheza na programu ya akili mnemba kwenye simu. Naiambia "kuwa gemu masta", inanieleza kila kitu, mpaka harufu ya samaki sokoni. Majedwali ya nini dunia hii?

#17 Bint Chumbageni

Fundi, nimeijaribu hiyo mwezi mzima. Shida yake haijui kukataa. Niliiambia namuua jemadari kwa kijiko cha chai, ikasema kijiko kiling'aa kwa nuru ya mwezi na jemadari akaanguka. Nikasema nina kaka pacha ambaye sikumtaja, ikamkaribisha. Na ukishafika mbali inasahau: mzee tuliyemzika Jumatatu, Alhamisi alinikaribisha kahawa. Halafu bando!

Nikaja kwenye Ironsworn, la Shawn Tomkin, la 2018. Nakala yake ya kidijitali ni ya bure, na limetengenezwa tangu mwanzo liweze kuchezwa na mtu mmoja. Ukitaka kufanya jambo la hatari unatupa dadu moja ya pande sita, unajumlisha sifa yako, halafu dadu mbili za pande kumi zinakuwa wapinzani wako. Ukiwazidi wote wawili umefaulu. Ukimzidi mmoja umefaulu kwa gharama. Usipomzidi hata mmoja umekwisha. Sare ni yao, si yako. Na wale wawili wakitoka namba moja, kuna kioja. Maswali ya ndiyo na hapana nayo yamo humo humo, ngazi tano tu: "karibu hakika" unahitaji 11 au zaidi kwenye mia, nusu kwa nusu 51, "nafasi ndogo" 91. Nyepesi kuliko ya kaka Kaunta.

Ninalolipenda ni viapo. Mhusika anaapa kufanya jambo, na gemu zima ni kukitimiza au kukivunja kiapo. Kwetu hilo halihitaji maelezo.

#18 Fundi Dishi

Ya kijiko nimecheka, ila usiitupe yote. Mie nitafanya hivi: dadu ziamue, programu inipambie maneno. Nikipata "hapana, na mlinzi ameamka", naiambia hilo ni hukumu, wewe nieleze tu alivyoamka.

#19 Bint Chumbageni

Hapo sina ugomvi. Mradi hukumu isiachiwe yeye.

#20 Ami wa Makorora

Naendelea kusoma, msidhani nimeondoka. Hiyo misumari ilikuwa mingapi?

#21 Kaunta Buku

Kikapu kimoja kimejaa, Ami. Mie mwenyewe nimeamua hiyo, sikuuliza.

#22 Zigi Chini

Wakuu, wa kuanza kesho anahitaji nini? Bila kununua kitu, maana mwezi umegoma.

#23 Kaunta Buku

Kaunta buku na kalamu. Mie yale majedwali niliyachapisha kurasa nne steshenari nikazibandika jaladani. Karata za kuazima, au dirisha la Dereva.

Kurasa mbili za nyuma za daftari ziache kwa orodha mbili, kwa sababu bila hizo utapotea. Ya kwanza ni ya watu: kila anayetokea, jina na neno moja juu yake. Ya pili ni ya visa ambavyo havijaisha: "deni la Mwanasha", "nani alimwambia shemeji kuhusu meli". Matukio ya ghafla mara nyingi yanakurudisha kwenye orodha hizo, unachomoa jina humo. Ndiyo maana mtu uliyemtaja mara moja ukurasa wa pili anaweza kukurudia ukurasa wa thelathini na kisu. Kisa kikiisha, kipige mstari. Hiyo raha yake nyingine kabisa.

Na andika kifupi. Mwanzoni nilikuwa naandika insha, onyesho moja usiku mzima, ikawa kazi ya ofisini. Siku hizi ni swali, namba, jibu, na sentensi mbili.

#24 Dereva wa Horohoro

Mkuu, Mwanasha umemwacha mchangani na shemeji tangu juzi. Mie niko stendi nasubiri abiria, magari yanaingia na kutoka. Uliza nikuangalizie.

#25 Kaunta Buku

Haya. Onyesho la pili nimelipima, nimepata 7, vurugu ni 6, linakwenda kama lilivyo. Mwanasha hakupiga kelele. Ameketi kwenye mchanga, ameweka kikapu chake kitupu mbele ya shemeji, akasema: "Nusu yangu, nusu yako, na la Kilwa tutalizungumza mchana."

Swali: shemeji anakubali kugawana? Mtu aliyekula fedha za mjane miaka miwili? Haielekei. Kwa vurugu 5 ingekuwa 35, lakini kwa 6 ni 50. Kumi au chini ni ndiyo na nusu, 91 na zaidi ni hapana na nusu.

Gari la kwanza litakaloingia, Dereva. La kwanza, usichague.

#26 Dereva wa Horohoro

Limeingia basi la Lushoto. 08.

#27 Kaunta Buku

Sifuri nane?

Ndiyo na nusu. Shemeji ameinua kikapu chake mwenyewe, amekimimina chote kwenye kikapu cha Mwanasha, hakubakisha hata msumari mmoja, halafu amepanda ufuo bila kugeuka nyuma.

Nimeogopa.

#28 Zigi Chini

Nywele zimenisimama.

#29 Ami wa Makorora

Zote? Kwa nini kampa zote?

#30 Kaunta Buku

Ami, "kwa nini" jedwali halilijibu. Lazima swali liwe la ndiyo au hapana.

#31 Ami wa Makorora

Basi ngoja.

Je, kuna mtu mwingine nyuma ya yale makaburi, ambaye shemeji kamwona na Mwanasha hajamwona?

Mie naweka nusu kwa nusu. Dereva, tazama barabarani, mwanangu.